Zawadi Isiyo na Hadithi

Kitu cha kwanza kubeba sura ya Hello Kitty kilikuwa pochi ndogo ya sarafu, ya plastiki inayopitisha mwanga, iliyouzwa Japani kwa yen 240. Paka mweupe aliyevaa ovaroli ya bluu ameketi kiubavu, lakini uso ameuelekeza kwa anayemtazama. Upande mmoja ana chupa ya maziwa, upande wa pili bakuli la samaki wa mapambo, na juu ya kichwa chake imeandikwa salamu ya neno moja kwa Kiingereza. Utepe mwekundu umefungwa kwenye sikio la kushoto. Ana macho mawili meusi, pua ya njano na sharubu sita, mdomo hana. Alimchora Yuko Shimizu, mbunifu kijana wa kampuni ya Sanrio, mwaka 1974, na pochi ikaingia madukani mwaka uliofuata. Wakati huo paka huyo hakuwa hata na jina. Hakuwa na kitabu wala filamu, na hakuna mtoto aliyekuwa amesimuliwa habari zake. Miaka hamsini baada ya kuchorwa, Juni 2024, Mfalme Charles alimtaja katika dhifa ya kitaifa aliyomwandalia Mfalme Naruhito wa Japani jijini London. Leo bidhaa zenye sura yake huuzwa katika nchi na maeneo yapatayo 130.

Wengi wa wahusika wa katuni waliodumu walitufikia wakiwa wamebebwa na hadithi. Mickey Mouse aliingia kwa sinema. Doraemon, ambaye naye ni paka wa Kijapani, alianza mwaka 1969 katika vibonzo vya magazeti ya watoto, na kila anayempenda anaweza kukueleza habari za mvulana mvivu anayemsaidia na vifaa anavyotoa mfukoni. Pikachu alikuja na michezo ya Pokémon mwaka 1996. Hawa tunawapenda kwa sababu tunawajua: wamefanya jambo, wamekosea, wameokoa mtu. Mwulize mpenzi wa Hello Kitty paka huyu amewahi kufanya nini, nawe utaona jinsi jibu linavyochelewa. Atakutajia labda kwamba ana pacha aitwaye Mimmy, kwamba nyumbani kwao ni pembezoni mwa London, na kwamba uzito wake ni sawa na matofaa matatu. Hayo ni maelezo ya kitambulisho, hayatoshi kuwa hadithi. Basi mhusika asiye na tukio lolote la kukumbukwa amewezaje kuvuka nusu karne, akiwaacha nyuma mamia ya wenzake waliochorwa na kampuni ile ile na kuuzwa kwenye rafu zile zile? Jibu langu ni kwamba Kitty hakuwahi kuwa mhusika kwa maana ya kawaida. Tangu mwanzo alikuwa zawadi, kitu kinachotoka kwenye mkono mmoja na kuingia kwenye mwingine, na kinachomhifadhi ni upendo wa watu wawili hao zaidi ya upendo wao kwake.

Ushahidi wa kwanza upo katika maisha ya mwanzilishi wa Sanrio, Shintaro Tsuji. Alizaliwa mwaka 1927 katika mkoa wa Yamanashi, akafiwa na mama yake angali mvulana, na kulelewa na jamaa. Mji wa Kofu, makao makuu ya mkoa huo, uliteketezwa kwa mabomu ya ndege za Marekani Julai 1945, miezi michache kabla hajatimiza miaka 18. Baada ya vita alikuwa mtumishi wa serikali ya mkoa, na mwaka 1960 akaanzisha kampuni ndogo iliyohusika na hariri. Hariri haikumtajirisha. Kilichomfumbua macho ni kandambili za mpira: alipozichorea maua, zilinunuliwa kuliko zisizo na maua, ingawa mguu haukupata faida yoyote ya ziada. Mfanyabiashara mwingine angehitimisha kwamba watu wanapenda mapambo. Tsuji alikwenda mbele zaidi. Aliona kwamba ua lile linaigeuza kandambili kuwa kitu unachoweza kumpelekea mtu, na kwa nchi iliyotoka kwenye majivu, ambako wengi hawakuwa na uwezo wa zawadi kubwa, hiyo ilikuwa haja ya kweli. Sanrio ikajitambulisha kwa wazo hilo, kwamba zawadi iwe ndogo na furaha iwe kubwa. Waswahili husema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Yen 240 ilikuwa bei ambayo msichana wa shule angeweza kuimudu kwa pesa zake mwenyewe ili amfurahishe rafiki yake.

Tena wazo hilo liliangukia udongo uliokwisha kulimwa. Japani ni nchi ambayo kupeana kuna kalenda yake. Kuna zawadi za katikati ya mwaka na za mwisho wa mwaka, zinazopelekwa kwa wakubwa kazini, walimu na jamaa. Na kuna zawadi za safari: anayetoka nje ya mji wake, hata kwa siku mbili, hutarajiwa kurudi na kitu kwa ajili ya jirani na wafanyakazi wenzake, kwa kawaida kitu kinachojulikana kuwa cha huko alikokwenda. Watoto na wasichana walikuwa pembezoni mwa utaratibu huo uliojaa visanduku vya vyakula na chupa za pombe. Sanrio iliwapa wao pia njia ya kuingia, kwa penseli, bahasha, vifutio, leso na pochi. Walipopewa njia hiyo hawakuiacha.

Pwani yetu inao mfano ulio karibu sana na jambo hili, nao ni kanga. Hakuna anayeuliza kanga ina hadithi gani. Ina pindo, mji na jina, na uzito wake wote unatokana na nani amempa nani, na kwa nini: mume kwa mke baada ya ugomvi, mama kwa binti anayeolewa, wifi kwa wifi mwenye maneno mengi. Kanga ikikaa dukani ni kitambaa. Ikishatolewa inakuwa tendo. Na uhusiano na Japani hapa ni wa kweli, kwa sababu katika miaka ya 1950 na 1960 viwanda vya huko vilichapa kanga kwa wingi kwa ajili ya soko la Afrika Mashariki. Nchi iliyojifunza kutengeneza vitu vyepesi vya kuuzwa ng'ambo, vitu ambavyo thamani yake hukamilishwa na mtoaji, ndiyo iliyomzaa Kitty. Tofauti ni kwamba kanga husema kwa maandishi lile ambalo mtoaji hakutaka kulitamka, na Kitty hasemi lolote. Kwenye kanga ujumbe umechapwa, na mtoaji anauchagua. Kwa Kitty mtoaji anauleta mwenyewe.

Wapo watakaosema kwamba natafuta mbali kitu kilicho karibu, kwamba siri yote ni ile sura. Hoja yao ina msingi wa kisayansi. Konrad Lorenz, mtaalamu wa tabia za wanyama kutoka Austria, aliandika mwaka 1943 kwamba kichwa kikubwa, paji pana la uso, macho yaliyokaa chini na mashavu ya mviringo huamsha ndani yetu silika ya kulea, awe ni mtoto wa mtu au wa mnyama. Mwaka 2012 Hiroshi Nittono na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hiroshima walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu waliotazama picha za watoto wa paka na mbwa walifanya kazi zinazohitaji uangalifu vizuri kuliko waliotazama wanyama wakubwa. Sina sababu ya kuyakataa hayo. Lakini sura ya aina hiyo ni mali ya kila mtu. Kila kampuni ya vitu vya watoto Tokyo ina wachoraji wanaoijua, na Sanrio yenyewe imechora mamia ya wanyama wenye vichwa vikubwa na macho ya chini ambao leo hawakumbukwi. Silika inaweza kueleza kwa nini mkono unakwenda rafuni mara ya kwanza. Haielezi kwa nini mama wa miaka arobaini anakwenda tena kwenye rafu ile ile kwa ajili ya binti yake.

Zaidi ya hapo, tunacho kisa kinachotenganisha sura na kupewa. Mwaka 2007 wakuu wa polisi Bangkok walitangaza kwamba askari watakaopatikana na makosa madogo, kama kuchelewa kazini au kuegesha gari vibaya, watavishwa kitambaa cha waridi cha mkononi chenye picha ya Hello Kitty, ili waone haya mbele ya wenzao. Sura ni ile ile, paji ni lile lile, utepe ni ule ule. Ila safari hii ilitolewa kwa nia ya kudhalilisha, na ikageuka tusi. Kama haiba ya Kitty ingekuwa ndani ya mistari ya mchoro, adhabu hiyo isingekuwa na maana. Iliwezekana kwa sababu mchoro wenyewe hubeba nia ya anayeutoa. Tazama pia kura ambazo Sanrio huwapigisha wapenzi wake kila mwaka kuchagua mhusika wanayempenda kuliko wote. Kuanzia 2020 hadi 2024 aliyeshinda ni Cinnamoroll, mtoto wa mbwa mweupe mwenye masikio marefu. Kitty alishindwa, na akaendelea kuwa sura ya kampuni kama kawaida. Anayependwa kuliko wote si lazima awe ndiye anayetolewa kuliko wote, na kwa kudumu hili la pili lina nguvu zaidi.

Sehemu ya historia yake inayonivutia kuliko zote ni ile ya kushuka na kuinuka. Shimizu aliondoka Sanrio mwaka 1976, na mwishoni mwa muongo huo watu walianza kumchoka paka wake. Mwaka 1980 kazi ya kumchora ikamwangukia Yuko Yamaguchi, ambaye aliendelea nayo kwa zaidi ya miaka arobaini. Yamaguchi alifanya jambo ambalo wachoraji wengi hawalifanyi: alikwenda kwa wanunuzi, akakaa nao madukani, akawasikiliza na kusoma barua zao. Akaupunguza ule mstari mzito mweusi uliomzunguka Kitty, akambadilisha nguo na mikao. Aliposikia wasichana wanasema kwamba wanampenda bado ila wanaona aibu kumbeba wakiwa sekondari, akatengeneza mfululizo wa rangi nyeusi na nyeupe kwa ajili yao. Miaka ya 1990 wasichana wa pochi ya kwanza walikuwa watu wazima wenye mishahara, na Kitty akawafuata kwenye mikoba ya kazini na simu za mkononi. Ukitazama juujuu utasema hii ni mbinu ya masoko, na ni kweli ni mbinu. Lakini angalia imefanya nini. Aliyepewa akiwa na miaka saba hakulazimika kumtupa Kitty alipofika kumi na sita, wala kumwonea haya alipofika thelathini, na kwa hiyo alipofika umri wa kuwa mtoaji, bado alikuwa naye. Mnyororo haukukatika mahali ambapo minyororo ya namna hii hukatika, yaani katika ujana.

Halafu wakaja wale Kitty wa mikoani. Kuanzia miaka ya 1990 mwishoni, maduka ya vituo vya treni na sehemu za watalii yakaanza kuuza Kitty anayepatikana hapo tu: wa Hokkaido ana maua ya mrujuani, wengine wamevikwa tunda, samaki au vazi la mahali pao. Huku ni kumrudisha paka kwenye desturi ya zawadi za safari moja kwa moja. Kile kinyago kidogo cha kuning'iniza kwenye simu kinamwambia anayepokea kwamba nilifika mahali fulani na huko nilikukumbuka. Hakuna njama ya filamu inayoweza kufanya kazi hiyo.

Agosti 2014 dunia ilipata nafasi ya kuona jinsi hadithi yake isivyojulikana. Christine Yano, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Hawaii, alikuwa akiandaa maonyesho ya Hello Kitty kwa ajili ya jumba la makumbusho la Wamarekani wenye asili ya Japani, Los Angeles. Katika maandishi yake alimwita paka, na Sanrio ikamrekebisha: Kitty ni msichana, hatembei kwa miguu minne, na yeye mwenyewe anafuga paka. Habari ilipotoka gazetini watu wa nchi nyingi walishangaa, wengine wakakasirika, hadi kampuni ikafafanua kwamba ni paka aliyepewa hali ya ubinadamu. Mtu anaweza kuishi naye miaka thelathini, kwenye kikombe, kwenye mto wa kulalia, asijue kwamba wenye mali hawamhesabu kuwa paka wa kawaida. Na akishaambiwa, hakibadiliki chochote kwenye kikombe. Majaribio ya kumpa hadithi yamefanyika. Mwaka 1987 televisheni ya Marekani ilionyesha mfululizo wake wa katuni, akiwa na mdomo na sauti, akiigiza ngano mashuhuri. Waliompenda wanamkumbuka kwa mambo mengine.

Suala la mdomo ni zito zaidi, nami nisingependa kulipita kwa haraka. Wako wanawake, waandishi na wasomi, Asia na Marekani, waliouliza swali lenye uchungu: ni jambo gani jema kuwapa wasichana milioni kadhaa kielelezo cha kike kisicho na mdomo? Jibu la Yamaguchi kwamba Kitty hana mdomo ili kila anayemtazama amwone katika hali yake mwenyewe, akifurahi naye anafurahi, akihuzunika naye anahuzunika, haliwatoshi, na naelewa kwa nini. Msichana aliyefunzwa kunyamaza hahitaji mwanasesere anayemsifia ukimya. Ila naona kwamba pingamizi hili linamchukulia Kitty kama mfano wa kuigwa, nafasi ambayo wahusika wa hadithi ndio hasa huishika. Msichana anayemwandikia rafiki yake barua kwenye karatasi yenye picha ya Kitty hajanyamaza. Maneno ni yake, na karatasi imemwachia nafasi. Waliobuni vitu hivi, Shimizu, Yamaguchi na wenzao, ni wanawake waliofanya kazi katika Japani ya miaka ya 1970 na 1980, wakati ambapo kampuni nyingi zilitarajia mfanyakazi wa kike aache kazi akiolewa, na walionunua ni wasichana waliokuwa wakijitengenezea mawasiliano yasiyopita kwa baba wala mwalimu. Hilo halifuti pingamizi lote. Pale Kitty anapotolewa na mtu mzima kwa msichana kama fundisho la kuwa mpole na mtamu, wakosoaji wana haki, na ukimya wa mchoro unamsaidia mkubwa huyo.

Limebaki pingamizi ambalo kwangu ndilo gumu kuliko yote. Zawadi ya kweli, watasema, haitengenezwi kiwandani kwa maelfu ya aina. Kinachoitwa zawadi hapa ni biashara iliyogundua kwamba mapenzi yanaweza kutozwa. Ushahidi wao uko wazi. Januari 2000 migahawa ya McDonald's ya Singapore iliuza wanasesere wa Hello Kitty na mwenzake Daniel waliovaa mavazi ya harusi. Watu walipanga foleni usiku kucha, wakagombana, na katika mgahawa mmoja mlango wa kioo ulivunjika kwa msukumano na watu wakaumia. Katika foleni ile wengi walikuwa wananunua ili wauze tena kwa bei ya juu. Hapo zawadi ilikuwa imekufa, na sura ya Kitty haikuweza kuifufua. Lakini jambo hilo linanithibitishia hoja zaidi ya kuivunja, kwa sababu homa kama ile hupoa, na ilipoa. Kama biashara peke yake ingetosha kumdumisha, angekwisha pamoja na homa hiyo, kama walivyokwisha wanasesere wengine waliowahi kupangiwa foleni. Aliyenusurika ni Kitty wa vifutio na leso, anayenunuliwa bila kelele kwa ajili ya mtu fulani mwenye jina na siku ya kuzaliwa.

Tena biashara yenyewe imewahi kulazimika kukumbuka asili hiyo. Kampuni inayosimamia kazi za Dick Bruna, Mholanzi aliyemchora sungura Miffy mwaka 1955, iliishtaki Sanrio ikidai kwamba Cathy, sungura rafiki wa Kitty, amenakiliwa kwa Miffy. Mahakama ya Amsterdam ilikubaliana nayo mwaka 2010 na kuizuia Sanrio kumuuza sungura huyo katika nchi za Benelux. Sanrio ikakata rufaa. Ikaja Machi 2011, tetemeko na mawimbi yaliyoua maelfu kaskazini-mashariki mwa Japani. Mwezi Juni pande mbili zikakubaliana kuacha kesi, na fedha ambazo zingekwenda kwa mawakili, euro 150,000, zikapelekwa kwa walionusurika. Bruna alikuwa na sababu ya kulalamika, kwa maoni yangu, na Sanrio haikujisafisha kwa malipo hayo. Hata hivyo naona si bahati tu kwamba kesi iliisha kwa pande zote mbili kutoa badala ya moja kushinda. Kampuni zinazoishi kwa kuuza upole zina jambo la kupoteza zinapoonekana hazina upole huo.

Kinachoweza kumwangusha Kitty, nikifuata hoja hii hadi mwisho, hakitokani na wakosoaji wala na paka mpya mwenye macho makubwa zaidi. Ni mabadiliko ya mnunuzi. Bidhaa zake za bei kubwa zinazidi kulengwa kwa watu wazima wanaojinunulia wenyewe: mikoba ya wabunifu mashuhuri, vito, matoleo ya idadi maalumu yanayofungiwa kabatini. Filamu ya Hollywood nayo ilitangazwa mwaka 2019, nayo italazimika kumpa tukio, adui na sauti. Shintaro Tsuji alimkabidhi mjukuu wake uongozi wa kampuni mwaka 2020, akiwa na miaka 92, na warithi watavutwa huko, kwa sababu mwenye kujinunulia hulipa zaidi ya msichana mwenye sarafu za kumnunulia rafiki. Filamu ikishindwa, haitamdhuru, atabaki alivyo. Hofu yangu ni ifanikiwe, watoto wamjue kwa yale aliyoyafanya kwenye skrini, na waanze kumchoka wakishayaona mara ya tatu.